Shajara ya Mnong'ono: kumjenga mwizi mganga mezani, Mji wa Kale

11 Januari 2025: kurasa 22 zisizo na nilichotafuta

Mradi ni huu: mhusika wa Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika kwa dadu, kwa sheria za 2014, anayeiba kwa mkono na kudanganya kwa uganga. Abunuwasi, lakini mwenye kisu. Jina nilimpa kabla ya kumpa hata namba moja: Mnong'ono.

Tunacheza wanne, DM (Dungeon Master, msimamizi wa mchezo) wa tano, Jumamosi baada ya Isha, sebuleni kwa bibi yangu Kibokoni, Mombasa. DM ni mwalimu wa hisabati, kwa hiyo hakuna hesabu inayompita. Ametuanzisha sote ngazi ya 3, maana ndiyo ngazi mwizi anayochagua tawi lake.

Kosa la kwanza lilinigharimu hata kabla ya kukaa mezani. Nilikuwa nimesikia kwamba Januari 2023 wenye mchezo waliziachia sheria za msingi kwa leseni ya Creative Commons, yeyote azitumie bure. Nikakimbilia saiba, nikachapisha kurasa 22 kwa shilingi 10 kila moja. Nyumbani nikazisoma hadi ya mwisho. Mwizi yumo, ila kila darasa, yaani aina ya mhusika, limewekewa tawi moja tu, na la mwizi ni Thief, mwizi wa kawaida asiyejua hata kuvukiza ubani. Tawi nilitakalo linaitwa Arcane Trickster na limo katika kitabu kamili cha mchezaji. Hata kabila nililokusudia, gnome wa msituni, halimo. Yumo ndugu yake wa miambani peke yake. Shilingi 220 hizo. Kurasa hazikupotea zote, kwa sababu sheria za kujificha na karibu uganga wote ninaouhitaji umo humo. Mwenye kufuata nyayo zangu achapishe hizo tu, kisha aazime kitabu. Mimi DM aliniazima chake usiku mmoja, nikanakili kwa mkono kwenye daftari la shilingi 50.

Maneno tuliyokubaliana mezani: kila uganga wa kitabuni tunauita talasimu, na talasimu "husomwa". Gnome ni kibwengo. Neno hilo bibi hakulipenda, ila aliliacha lipite.

Dadu za pande 20 nilizitafuta Marikiti na Biashara Street, kila duka nikaonyeshwa za ludo. Za pande sita tukazichukua. Badala ya zile za 20 tuliandika namba kwenye vifuniko 20 vya soda, tukavitia mfukoni, mtu anachota kimoja kisha anakirudisha. Tulicheza saa nzima kabla mwalimu hajatuhesabia: vifuniko 19. Namba 20 ilikuwa chini ya mkeka, na hakuna aliyejua imetoka lini. Namba 17 nayo ilikuwa imekunjika ukingo, na kila mmoja wetu alikuwa ameshaijua kwa kidole. Nyundo iliitengeneza. Hakuna aliyekiri.

18 Januari: Haiba si yake

Usiku wa leo ni hesabu tu. Kila mchezaji ana pointi 27 za kununua sifa sita, na kila sifa huanzia 8. Kwa kuwa mlaghai ni mtu wa maneno matamu, nilimwaga pointi kwenye Haiba: Nguvu 9, Wepesi 14, Uhimili 12, Akili 10, Busara 12, Haiba 15. Kibwengo wa msituni huongezewa 2 za Akili na 1 ya Wepesi, akawa na Akili 12 na Wepesi 15. Nilijiona fundi.

Mwalimu akauliza, "Talasimu zake zinapimwa kwa nini?" Nikafungua daftari. Akili. Haiba haimo popote. Ugumu wa talasimu zake, yaani namba ambayo adui lazima aifikie ili ajinusuru, ni 8, jumlisha 2 za ngazi, jumlisha kinachotokana na Akili, nacho kwangu kilikuwa 1 tu. Jumla 11. Askari wa kawaida wa geti, asiye na nyongeza yoyote ya Busara, angejinusuru nusu ya mara zote. Nilikuwa nimejenga msema ovyo.

Nikaanza upya. Nguvu 8, Wepesi 15, Uhimili 14, Akili 14, Busara 12, Haiba 8, na pointi zimekwisha sawasawa. Baada ya nyongeza ya kabila, Wepesi 16 na Akili 16. Ugumu umepanda hadi 13, uhai ni 24, na kinga yake ndani ya ngozi nyepesi ni 14. Utaalamu wa mwizi, ule wa kuhesabu mazoezi mara mbili, niliupeleka kwenye kunyatia na wepesi wa vidole, kila kimoja +7.

Kosa dogo ambalo wengine watalirudia: katika talasimu ndogo, zile zisizokwisha, tawi hili linakupa Mage Hand, mkono wa uganga unaoshika vitu kwa mbali, na nyingine mbili za kuchagua. Nilichagua kiinimacho kidogo, Minor Illusion. Kibwengo wa msituni huzaliwa nacho! Nimekifuta, nikachukua ujumbe wa mbali na kishada cha moto.

Talasimu kubwa ni tatu, na mbili kati yake sharti ziwe za kupumbaza au za viinimacho. Nimechukua Charm Person, ambayo dadangu aliibatiza limbwata dakika hiyo hiyo, na Silent Image, kiinimacho cha picha isiyotoa sauti. Ile ya tatu, iliyo huru, ni Find Familiar, ya kumwita mwandani. Kwa siku ana nafasi mbili tu za kusoma talasimu kubwa. Naziwakilisha kwa komwe mbili za bao ndani ya kikombe cha kahawa. Ukisoma, unatoa moja. Kikombe kikiwa kitupu, wewe ni mwizi kama wezi wengine.

1 Februari: mdomo

Mchezo wa kwanza wa kweli, na Mnong'ono alidumu gizani zamu mbili.

Tulikuwa bandarini, kwenye ghala. Nikanyatia nyuma ya magunia: kifuniko 15, jumla 22, hakuna wa kuniona. Mlinzi yuko hatua chache. Nikasema, kwa fahari, "Namsomea limbwata."

DM akaweka kalamu chini. "Unasoma kwa sauti gani?"

"Kwa kunong'ona. Ndilo jina lake."

Akanifungulia ukurasa. Kila talasimu ina alama za vitu inavyohitaji: sauti, ishara za mikono, au kitu cha kushika. Limbwata inataka sauti na ishara. Na sauti yenyewe, kitabu kinasema, ni mpangilio maalumu wa sauti wenye kima na mwangwi wake. Huwezi kuinong'ona, kama ambavyo huwezi kuadhini kwa kunong'ona. Mlinzi alisikia mtu anasoma uganga nyuma ya magunia, akageuka, na maficho yakaishia hapo.

Nilibisha robo saa. Bibi, aliyekuwa akichambua mchele jikoni, akasema bila kugeuka, "Uganga husomwa, mwanangu. Ushasikia wapi mganga bubu?" Nikanyamaza. Tulikuwa tumelichagua neno hilo wenyewe.

Limbwata lilifanya kazi hata hivyo. Mlinzi alichotewa kifuniko akapata 6, akatuona marafiki, akatufungulia mlango. Furaha ya saa moja. Talasimu ikiisha, aliyepumbazwa hujua kuwa alipumbazwa, na wetu alijua tukiwa tungali ndani. Tulitoka kwa kuruka dirishani na uhai 9.

Jambo jingine nililokuwa nimelielewa kombo: shambulio la kuvizia. Nilidhani ni lazima uwe umejificha. La. Yatosha mwenzako awe futi 5 kutoka kwa adui, na silaha yako iwe ya kutumia Wepesi (finesse) au ya kupiga kwa mbali. Dadu mbili za ziada za pande sita, mara moja kila zamu. Nilikuwa nimeziacha mezani usiku kucha.

15 Februari: mita 18 za kichochoro

Wiki mbili nimeshughulika na swali moja: sauti inafika wapi? Kitabu hakitaji umbali. DM wetu ameamua futi 60, kama mita 18, mahali palipotulia. Nikaona ni nyingi mno, nikaenda kupima.

Asubuhi ya Ijumaa nilimsimamisha mdogo wangu kwenye baraza yetu, nikahesabu hatua kichochoroni hadi mita 9, kituo cha kwanza, mbele ya mlango wa nakshi wa jirani. Nikamwambia asome ubeti wa shairi kwa sauti ya kawaida. Nilisikia kila neno. Nikaenda hadi 18. Nilisikia vina vyote, vya kati na vya mwisho, na nikasikia pia pale aliporuka mshororo wa tatu. Kuta za mawe za Mji wa Kale hazimezi kitu. Mwalimu alikuwa na haki.

Akiwa kwenye ubeti wa tatu ukapita mkokoteni wa maji, mitungi ya plastiki inagongana, magurudumu yanasaga mawe. Midomo ya mdogo wangu niliiona ikicheza. Sikusikia lolote.

Nikarudi kwenye daftari nikiwa na penseli nyekundu, nikazipanga talasimu zangu kwa swali hilo moja. Mkono wa jini, kama tunavyoiita Mage Hand: ina sauti. Limbwata: ina sauti. Silent Image, licha ya jina lake la ukimya: ina sauti. Kumwita mwandani: ina sauti. Kiinimacho kidogo, kile cha kuzaliwa nacho kibwengo, kile nilichokifuta kwenye orodha ya kuchagua: ishara ya mikono na kipande cha sufu. Hakina sauti. Tena chenyewe kinaweza kutoa sauti uitakayo, kuanzia mnong'ono hadi yowe, kwa dakika nzima.

Basi mpango ni huu, na ndio moyo wa mradi wote. Zamu ya kwanza, ukiwa umejificha, fanya kiinimacho kwa mikono tu: kelele ya mkokoteni, futi 30 kutoka ulipo, upande wa mlinzi. Zamu ya pili, chini ya kelele hiyo, soma mkono wa jini. Kwa tawi hili mkono huo hauonekani, na kuuendesha ni kitendo chepesi cha ziada cha mwizi, kwa hiyo kitendo chako kikuu kinabaki huru. Unaweza kuchomoa kitu mfukoni mwa mtu, kufungua kufuli au kutegua mtego ukiwa futi 30. Dakika moja ni zamu 10; kelele na mkono vyote hudumu hizo. Tulijaribu kwenye ghala lile lile. Mlinzi akaenda kuangalia mkokoteni usiokuwepo, na DM akakubali kwamba hakusikia kitu.

Usiku huu tumepanda ngazi ya 4. Wepesi umefika 18, uhai 31, na komwe zimekuwa tatu kikombeni. Kila ngazi inakuruhusu kubadili talasimu moja, nikalitupa limbwata na kuchukua ile ya kujigeuza sura, Disguise Self: husomwa chumbani kabla ya kutoka, ikadumu saa nzima. Talasimu mpya ya nne ni usingizi.

8 Machi: popo mwenye uhai 1

Ramadhani. Tunaanza baada ya tarawehe, tunamaliza karibu na daku, na kaimati haziishi sahanini. Dadu za kweli zimefika, seti ya dadu saba. Binamu alikuja nazo kutoka Dubai, shilingi 1,100. Vifuniko vimestaafu.

Leo ni habari ya mwandani. Talasimu hii humwita pepo akavaa umbo la mnyama mdogo: paka, kunguru, panya, chura na wengineo. Gharama ni saa nzima na makaa, ubani na majani ya vipande 10 vya dhahabu, vyote vichomwe kwenye chetezo cha shaba. Sikuwahi kusoma sheria inayonukia nyumbani kwetu namna hii.

Wajuzi wengi humchagua bundi. Sababu ni ya kihesabu: mwandani hawezi kushambulia, lakini anaweza kumsumbua adui ili wewe upige kwa dadu mbili na kuchagua kubwa, na hilo pekee linakupa haki ya kuvizia. Bundi huingia, husumbua, hutoka, na kwa kipaji chake cha kuruka hapigwi anapoondoka. Nikamchora ukingoni mwa karatasi. Bibi akaja na kahawa, akaiona.

"Bundi? Nyumbani mwangu? Wayuwa akilia juu ya dari huya na nini?"

Nikamgeuza popo. Popo naye huruka, nikajiambia tofauti ni ndogo. Tofauti ni maisha yake. Hana kipaji kile, na ana uhai 1. Alimsumbua mlinzi, nikapiga vizuri, akaruka kuondoka, akapigwa akiwa njiani. Nikatoa dhahabu 10, komwe moja na saa nzima, nikamwita tena. Akafa tena kwa namna ile ile, nikamwita wa tatu. Pamoja na wito wa kwanza, dhahabu 30 zimekwenda na moshi, na ile ngozi yenye misumari, ya bei ya dhahabu 45, niliyoiwekea akiba imebidi isubiri.

Popo wa tatu aliniumiza zaidi kwa kuwa hai. Walinzi wawili mlangoni, popo juu yao. Nikasoma usingizi: dadu tano za pande nane, jumla yake ni uhai unaolazwa, kuanzia kwa mwenye uhai mdogo zaidi. Dadu ya pande nane tunayo moja, nikaitupa mara tano: 6, 5, 3, 7, 1. Ishirini na mbili. Kila mlinzi ana uhai 11. Wawili ni 22 kamili, na tukaanza kupeana mikono.

Mwalimu akainua kidole. "Aliye na uhai mdogo zaidi hapo ni nani?"

Popo. Alilala yeye kwanza, akala moja, akaanguka kama embe. Zilibaki 21. Mlinzi wa kwanza alikula 11. Zikabaki 10, na wa pili, mwenye 11, akabaki macho akimtazama mwenzake anakoroma na popo miguuni pake. Kwa nukta moja! Kabla ya kusoma usingizi, mwondoe mnyama wako.

12 Aprili: ratili 12

Sikukuu imepita, na kazi kubwa ndiyo ya leo: ngome. DM ameichora kwa kuifuata Fort Jesus, ile ya Wareno ya 1593 hadi 1596, na umbo lake la mtu aliyelala. Kila mmoja mezani ameshaitembelea na shule, kwa hiyo mlango ulipo hakuna aliyehitaji kuambiwa. Funguo zimening'inia kiunoni mwa mlinzi, sanduku la barua liko chumba cha ndani.

Bibi tulipatana naye wiki iliyopita. Hataki jina la ndege yule litajwe ndani ya nyumba. Ndege mwenyewe, kama ni wa hadithi, apite. Tunamwita Bwana Usiku. Hajafa hata mara moja.

Mkokoteni ukapiga kelele, mkono ukasomwa, nikauendesha kiunoni. Dadu 9, na nyongeza yangu sasa ni +8: jumla 17. Mlinzi akapata 13. Funguo zikaelea hadi kwangu. Nikaingia mlango wa kwanza, na kutoka ukumbini nikautuma mkono kwenye sanduku.

"Lina uzito gani?" nikauliza. Hilo nimejifunza.

"Ratili 12."

Mkono wa jini hubeba ratili 10, basi. Hapo kabla nilikuwa nimepima jikoni ili niujue uzito huo mkononi: paketi mbili za unga na nusu kilo ya sukari, kwaheri. Ratili 12 ni kuongeza karibu kilo nzima. Kwenda mwenyewe kulibeba ni kupita mbele ya taa, na kibwengo hutembea futi 25 tu kwa zamu. Zilikuwa zimebaki zamu nne.

Nikauacha mkono ulifungue palepale kwa vyombo vya wizi, 19, kisha utoe barua bila sanduku. Mafungu mawili, safari mbili. Ya pili ilinifikia zamu ambayo kelele ilikatika, na dadangu, aliyekuwa akihesabu zamu kwa kuondoa komwe mezani, alikuwa ameshika ya mwisho hewani.

Hesabu hadi leo: kuchapisha 220, daftari 50, dadu 1,100, jumla shilingi 1,370. Dhahabu za Mnong'ono: 30 za popo watatu, 10 za Bwana Usiku, 45 za ngozi yenye misumari, ambayo hatimaye ameivaa, kinga sasa 16.

Ngazi ya 5 inaongeza dadu moja ya kuvizia na haina talasimu mpya. Ninayoingojea ni ya 7, nafasi za daraja la pili zikifunguka, nichukue ya kutoonekana. Nimeshaitazama alama zake: ina sauti. Lakini hudumu saa nzima, na kutoka Kibokoni hadi ngomeni ni dakika kumi kwa miguu.